Shangazi, Meneja na Uzi wa Pindo

Shangazi yangu akikutana na mtu mara ya kwanza haanzi kumtazama usoni. Anaanza na kola. Kutoka hapo anashuka kwenye mifuko, vifungo, mpaka pindo la chini, na akifika kwenye viatu ameshajua mambo mawili: wewe ni mtu wa namna gani, na anayekufulia ni nani. Yeye ni dobi. Amekuwa dobi tangu kabla sijazaliwa, na viganja vyake ni laini na vyeupe kwa sabuni, lakini ncha za vidole hazisikii moto tena. Anaweza kugusa pasi kujua imeiva, nawe ukashika sikio lako kwa niaba yake.

Duka letu ni vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kina kaunta, rafu, na kengele ya baiskeli ambayo mteja huipiga akikuta hakuna mtu. Chumba cha nyuma kina meza tatu za pasi zilizovikwa blanketi kuukuu, na dirisha kubwa linalotazama uani, kwenye makarai, ndoo na kamba nane za kuanikia. Mimi asubuhi nafua na kuanika, mchana napiga pasi kwenye meza ya tatu. Ya kwanza ni ya shangazi. Ya pili ni ya Mvuke, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye amepiga pasi miaka mingi kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, akifa hatazikwa, atakunjwa awekwe kwenye rafu.

Pale dukani tuna desturi moja ambayo sijaiona kwa dobi mwingine. Ukimaliza kupiga pasi nguo, unachukua sindano na kutia mshono mmoja wa rangi yako ndani ya pindo la chini, mahali ambapo mvaaji hauoni. Shangazi uzi wake ni mwekundu, wa Mvuke ni wa njano, wangu ni wa kijani. Kila mmoja ameuviringa wake kwenye kibanio cha nguo cha mbao na kukiweka mezani pake. Nguo ikiungua, au ikitoka na mkunjo, au ikipoteza kifungo, tunafunua pindo. Hakuna kuulizana. Mwenye rangi ndiye anayeibeba mpaka kwa mwenye nguo kabla huyo mwenye nguo hajaiona, anabisha hodi, na anasema: ni mimi. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya pili nilikaribishwa chai. Mara ya kwanza sikukaribishwa kitu.

Desturi hiyo ina chanzo chake. Zamani shangazi aliajiriwa kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia, penye mashine zinazozunguka kama zimepandwa na wazimu na benchi refu la wapiga pasi sita. Siku moja suruali ya mtu mkubwa ikaungua. Bosi akauliza ni nani. Kimya. Akauliza tena, na kila mmoja akaitazama pasi yake kana kwamba ndiyo itakayojibu. Jioni wote sita wakafukuzwa. Shangazi akarudi nyumbani na aproni yake tu, akaanza kufua nyumba kwa nyumba, baadaye akapata hivi vyumba viwili, na siku ya kwanza ya kazi akanunua nyuzi kabla ya kununua sabuni.

Nilimwuliza mara moja, katika wale sita, ni nani hasa aliyeiunguza ile suruali. Akaniambia nishike kona ya shuka tulikunje.

Sasa, kati ya wateja wetu wa siku nyingi yupo Mwalimu. Anafundisha chuo cha biashara kilicho juu ya barabara, kile chenye ngazi za marumaru na mlinzi anayepiga saluti hata kwa paka. Mwalimu ni mwembamba, mpole, na mashati yake huja na wino kwenye mkono mmoja na chaki kwenye mwingine. Siku hiyo alileta mashati matano, lakini hakuondoka. Aliegemea kaunta akaanza kueleza, na shangazi, ambaye hakuna siku amemkatiza mteja mwenye huzuni, akaacha kazi yake akamsikiliza.

Ilikuwa hivi. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, aliyepata alama za juu kuliko wote katika mtihani wa maadili ya uongozi, alikuwa amekamatwa. Alikuwa meneja wa ghala, na watu walimkuta akibandika tarehe mpya kwenye makopo ya maziwa ya watoto yaliyopitwa na wakati. Mwalimu alisema alikwenda kuitafuta karatasi yake ya mtihani. Swali la tatu lilihusu mfanyabiashara anayedanganya wateja kuhusu bidhaa zake, na kijana yule alikuwa ameandika kurasa nne nzuri mno. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwekea alama zote.

“Kwa hiyo nimemfundisha kuandika,” akasema Mwalimu. “Sikumfundisha kitu kingine.”

Alieleza kwamba chuo huwapeleka wanafunzi maofisini kwa mafunzo ya vitendo, nao hurudi na barua zilizopigwa mhuri, zote zikisema kijana ana bidii na nidhamu, barua zinazofanana kama soksi. Safari hii alikuwa ameomba ruhusa ya kufanya tofauti na darasa lake. Angewapeleka kwa mafundi na wenye vibanda, mwezi mzima, na mwisho wa mwezi fomu ingekuwa na swali moja tu: Je, ungemwachia kazi yako siku nzima, wewe usiwepo? Ndiyo au hapana. Atakayepata hapana atarudia mwaka. Walimu wenzake walicheka wakamwuliza kama shahada sasa itatolewa na vinyozi.

Shangazi akamwuliza jambo moja tu, kama huyo kijana atakayeletwa amewahi kufua soksi zake mwenyewe. Mwalimu akasema hana uhakika. “Basi mlete,” shangazi akasema. “Tutaanzia hapo.”

Alikuja Jumatatu amevaa tai. Kijana mrefu, meno mazuri, mkoba wa ngozi, na mkononi ubao mweupe kama wa darasani, mdogo, wa kutundika ukutani. Alimpa shangazi mkono akamwita Mkurugenzi.

“Mkurugenzi hana kamba ya kuanikia,” shangazi akamjibu. “Niite shangazi kama wanavyoniita hawa.”

Mvuke alimzunguka mara moja akiitazama ile tai, kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama hiyo tuifue au tuipige pasi tu. Kabla ya saa nne kijana alikuwa ameshapewa jina. Meneja. Alilipokea bila ubishi, nadhani alidhani ni cheo.

Siwezi kusema alikuwa mvivu. Siku ya kwanza alifua soksi ndoo tatu na malengelenge yakamtoka. Siku ya pili kamba moja ya kuanikia ilikatika na tai ndiyo iliyoiunga, ikabaki pale mpaka leo. Alikuwa anaongea mno, hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Kila kitu alikipa jina refu. Kuloweka nguo kulikuwa hatua ya maandalizi. Mteja akipiga kengele mara mbili, hiyo ilikuwa taarifa kutoka sokoni. Usiku nilipolala nilisikia sauti yake kichwani ikinieleza usingizi una faida gani.

Lakini pia alitazama vitu ambavyo sisi tulikuwa tumevizoea. Aliona kwamba wateja wanasubiri kwa sababu tunapanga nguo rafuni kwa siku zilizoletwa, na watu hawakumbuki siku, wanakumbuka majina yao. Akapanga upya rafu zote kwa herufi za majina, akazichora kwa mkaa ukutani. Tangu hapo mteja anaingia na kutoka kabla kengele haijanyamaza. Siku mbili baadaye nikamwona shangazi anapitisha kidole kwenye zile herufi, akitabasamu peke yake.

Wiki ya tatu Meneja akaja na hesabu ya dakika. Alikuwa amekaa na saa anatupima. Akatuonyesha kwenye ubao wake kwamba kutunga sindano na kutia ule mshono wa rangi kunakula karibu dakika nzima kwa kila nguo, na kwa shangazi ni zaidi, kwa sababu siku hizi tundu la sindano linamkimbia. Akasema tungeweza kumaliza kazi saa moja mapema. Asubuhi tugawane nguo, kila mtu na fungu lake, kisha yeye atie nyuzi zote mara moja kabla ya pasi. Nyekundu fungu la shangazi, njano la Mvuke, kijani langu, na bluu, maana naye alikuwa amepewa rangi na meza ndogo ya mwisho kando ya yangu, fungu lake dogo.

Mvuke akasema ni kama kutia sahihi kwenye barua ambayo haijaandikwa. Meneja akacheka akasema matokeo ni yale yale. Shangazi alifikiri sana. Nilimwona anatazama sindano, anaifumba mkononi. Mwisho akasema tujaribu wiki moja, ile ya mwisho ya mwezi wa Meneja. Kwa kweli tulimaliza mapema siku zote tatu za mwanzo, na Mvuke, aliyepinga kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta kofia yake.

Ikafika Alhamisi.

Kwenye fungu la shangazi siku hiyo kulikuwa na makoti meupe ya wahudumu wa hoteli, mengi, yanafanana kama mapacha. Moja lilikuwa la mtu tunayemwita Sahani Saba, kwa sababu anaweza kubeba sahani saba kwa mara moja, tatu kwenye mkono huu, tatu kwenye ule, na ya saba hataki kusema anaiweka wapi. Ni mteja wetu na ni rafiki. Jumamosi alikuwa anakwenda kufanyiwa usaili wa kuwa mkuu wa wahudumu, kazi aliyoingojea muda mrefu, na alikuwa ameleta koti lake zuri, akatuomba tulipige pasi kama linakwenda kuoa.

Saa sita shangazi akatoka kwenda kuchukua sabuni, akaacha makoti mengine yamekwisha na mengine bado. Mvuke alikuwa amekwenda kupeleka nguo. Mimi nilikuwa uani naanua. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamwona Meneja anamaliza fungu lake, anachungulia la shangazi, na anachukua koti mojawapo. Alitaka kumsaidia, hilo nina hakika nalo. Akaanza vizuri. Simu yake ikaita mfukoni. Akaitoa kwa mkono wa kushoto, akasoma, akatabasamu, akaandika kitu kwa kidole gumba. Mkono wa kulia ulikuwa umesimama.

Harufu ilinifikia mimi kabla yake.

Akainyanyua pasi upesi. Akasimama. Akalitazama lile koti kwa muda ambao ungetosha kuanika shuka, kisha akalikunja, upande mbaya ukiwa ndani, akaliweka na yale ya shangazi yaliyokwisha. Hakuniona. Watu wengi hawanioni, sijawahi kuona ubaya wake.

Shangazi akarudi, akaendelea na kazi. Yeye hahesabu nguo, anategemea nyuzi. Saa tisa, kabla ya kufunga mizigo, alianza kukagua kama kawaida, koti moja baada ya jingine, mpaka akafungua lile la Sahani Saba. Kifuani upande wa kushoto palikuwa na alama ya kahawia, yenye umbo la pua ya pasi. Alifunua pindo. Uzi ulikuwa mwekundu.

Akakaa kwenye kiti. Mvuke alikuwa amesharudi, naye akajaribu kusema kwamba kahawia inapendeza kwenye nyeupe, kisha akaacha, akaanza kukunja makoti mengine. Shangazi aliinua viganja vyake akavitazama, cha kulia, cha kushoto, kama mtu anayesoma barua asiyoitarajia.

“Sikumbuki,” akasema. “Nimeunguza nguo ya mtu, na sikumbuki hata kidogo.”

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alisema tu kwamba macho yalianza, sasa mikono imefuata, na kwamba kuanzia kesho kwenye meza ya kwanza nipige pasi mimi, yeye atakaa kaunta apokee nguo. Alikuwa anapanga kama mtu anayegawa vyombo vyake kabla ya kuhama. Halafu akaenda uani kunawa uso, ajiandae kumpelekea Sahani Saba koti lake. Mvuke akamfuata kumbembeleza.

Tukabaki wawili. Meneja alikuwa amesimama mbele ya ubao wake, kalamu mkononi, haandiki. Na mimi si mtu wa maneno. Nilichukua kile kibanio chenye uzi wa bluu, nikachomeka sindano, nikakiweka mezani mbele yake, juu ya koti.

Akakitazama, akanitazama.

“Uliona,” akasema.

“Dirisha lilikuwa wazi.”

“Fomu yangu inajazwa kesho.”

“Najua.”

“Nikisema, narudia mwaka. Baba yangu ameshawaalika watu kwenye mahafali.”

“Hilo sikulijua,” nikasema, maana ni kweli sikulijua.

Nilirudi kwenye meza yangu nikaendelea kukunja taulo. Kama angetoka mlangoni ningekwenda kusema mimi, hilo nilikuwa nimeshaliamua. Lakini desturi yetu ni mtu ajisemee, na nilitaka nimpe nafasi ya taulo kumi. Nilikunja polepole. Kwenye taulo ya saba nilisikia uzi unakatwa kwa meno. Alikuwa ameukata ule mwekundu. Sindano ilimchoma mara mbili, akatia mshono wa bluu, mbaya, umepinda kama mguu wa kuku, akatoka na koti uani.

Shangazi alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Meneja akasimama wima, akakohoa, akaanza kueleza kwamba kumetokea changamoto katika utaratibu wa kazi, iliyotokana na upungufu wa uangalizi katika hatua ya—

“Mwanangu,” shangazi akasema, “zungumza kama dobi.”

Meneja akalikunjua koti.

“Nililiunguza mimi. Nilikuwa naangalia simu. Mikono yako haina kosa.”

Nilidhani shangazi atagomba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvitazama tena vile viganja vyake, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba, na nguo zote zikatikisika naye. Mvuke akacheka kwa sababu shangazi anacheka. Meneja tu ndiye hakujua aweke wapi uso wake. Alipomaliza, shangazi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akarudi kuwa dobi.

“Haya. Unajua nyumba yake?”

Hakuijua, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Njia nzima hakupachika kitu chochote jina refu. Sahani Saba anakaa chumba cha juu, ngazi za nje. Meneja alibisha hodi, na mlango ulipofunguka akanyoosha koti kwa mikono miwili, alama ikiwa juu, akasema ni yeye, na ameliunguza kwa kuangalia simu. Sahani Saba ni mtu aliyezoea adabu za hotelini hata akiwa na hasira. Alilitazama koti, akalitazama tena, akavuta pumzi.

“Samahani sana, bwana,” akasema kwa sauti ya kuhudumia mgeni, “lakini nina hamu kubwa ya kukupiga kofi.”

“Sawa,” akasema Meneja. “Ila kwanza niambie hotelini mnashonewa makoti na nani.”

Hapo ndipo niliona ule mdomo wake una kazi. Alipata jina la fundi cherehani, akamtafuta, akamkuta anafunga. Fundi akasema kitambaa kile kipo kipande kidogo tu, na kazi ya kubadilisha kifua kizima inahitaji siku, na ana foleni. Meneja hakumwambia habari za changamoto wala utaratibu. Alimwambia alivyofanya, na kwamba mtu ana usaili Jumamosi, na kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kesho siku nzima kukaa pale kupiga pasi mishono yote ya foleni ile, ili fundi apate muda wa koti. Fundi akauliza kama anajua kupiga pasi. Meneja akanitazama mimi.

“Anajifunza,” nikasema.

Kwa hiyo Ijumaa, Mwalimu alipokuja na fomu yake, mwanafunzi hakuwapo. Alishangaa. Shangazi akamvutia kiti, akamweleza yote tangu mwanzo bila kumpunguzia kijana wala kumwongezea, pamoja na zile rafu za herufi. Mwalimu alisikiliza, kalamu haigusi karatasi. Mwisho akasoma lile swali lake moja kwa sauti. Je, ungemwachia kazi yako siku nzima, wewe usiwepo?

“Bado,” akasema shangazi.

Mwalimu akasema fomu ina ndiyo na hapana, haina bado.

“Basi aliyeiandika alisahau. Aliyefundishwa mwezi mmoja utasemaje ndiyo? Na aliyekuja mwenyewe uani kwangu na uzi wake, nitasemaje hapana?”

“Kuna kinachopungua?”

“Kuna simu. Na kola hajui.”

Mwalimu alicheka, lakini macho yake yalikuwa mbali. Akauliza kama kweli inatosha, kijana kusema baada ya saa tatu, baada ya kumwona shangazi anataka kuacha pasi. Hakuuliza kwa ubaya. Niliona kwamba anauliza kwa ajili ya yule wa maziwa.

Shangazi alikuwa anakunja shuka. Safari hii hakuniambia nishike kona. Alilikunja peke yake mpaka mwisho.

“Ile suruali ya kiwandani niliiunguza mimi,” akasema. “Watano wakafukuzwa pamoja nami, na mmoja alikuwa na mimba. Huyu kijana amechukua saa tatu. Mimi nilichukua miaka kumi na moja, nyumba kwa nyumba, mpaka nikawapata wote watano nikawaambia. Wawili walinifungia mlango.”

Mvuke aliacha pasi yake ikasimama, akakumbuka, akainyanyua kwa haraka. Nadhani na yeye alikuwa hajui.

“Sikuwa mtu mbaya,” shangazi akaendelea. “Mahali penyewe hapakuwa na pa kusemea. Ukisema unafukuzwa, usiposema unafukuzwa, basi unanyamaza. Wewe fundisha maadili yako, ni kazi nzuri. Lakini watengenezee na mahali pa kusemea.”

Mwalimu aliivuta fomu karibu. Kisha akachukua kalamu, akachora kisanduku cha tatu kati ya vile viwili, akaandika neno bado kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake akaandika wiki mbili zaidi. Akamwomba shangazi atie sahihi. Shangazi akachukua sindano, akatia mshono mwekundu kwenye kona ya karatasi. Mwalimu alisema ofisi ya chuo haitajua iifanye nini. Shangazi akamwambia waipige pasi.

Meneja alirudi jioni, koti limening'inia kwenye henga, kifua kipya huwezi kukitofautisha na cha zamani. Vidole vitatu vilikuwa vimeungua na uso ulikuwa na vumbi la chaki ya fundi. Alipoambiwa kuhusu kile kisanduku cha tatu, aliketi sakafuni kabisa, pale pale, akauliza kama wiki mbili zinaanza Jumatatu au anaweza kuanza kesho.

Sahani Saba alipata cheo. Hakuna aliyelitazama koti, alisema, walitazama tu anavyokunja leso. Sasa analalamika kwamba mkuu wa wahudumu haruhusiwi kubeba sahani, na kwamba mikono inamwasha.

Uzi tunautia baada ya pasi, kama zamani. Lakini katika zile wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kazi, Meneja alikuwa anatunga sindano ishirini kwa kila rangi na kuzichomeka mstari kwenye mto mdogo kando ya kila meza, ili shangazi asihangaike na tundu. Dakika zake alizipata karibu zote. Ule ubao wake alituachia, Mvuke anaandika hapo nguo zenye matapishi ya watoto, kwa onyo.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili shangazi alikuja amevaa viatu vyake vya safari. Alisema anakwenda kumtembelea dada yake, na atarudi jioni. Akafunga kitambaa, akachukua mkoba, akatoka. Hakusema duka linabaki na nani. Mvuke akanitazama, mimi nikamtazama Mvuke, kisha sote tukatazama meza ndogo ya mwisho. Funguo za duka zilikuwa pale, kando ya kibanio chenye uzi wa bluu.

Meneja hakuzigusa mara moja. Alitoa simu mfukoni, akaizima, akaenda uani akaitumbukiza kwenye kikapu cha vibanio. Ndipo akarudi, akazichukua, na kengele ya baiskeli ikalia kule mbele.